Portland hadi Fort Kent: shajara ya uchaguzi wa Bunge la Maine, 2024

Alhamisi, Oktoba 31. Portland hadi Lewiston, kilomita 58

Safari inaanza leo kwa sababu leo ndiyo siku ya mwisho ya kura ya mapema kwenye kaunta ya karani. Maine haimlazimishi mtu kueleza kwa nini anataka kupiga kura kabla ya siku yenyewe. Anafika kwa karani wa mji wake, anataja jina na anwani, anapewa karatasi, anajaza palepale, anazitia kwenye bahasha na kuisaini kwa nje. Karani akipokea bahasha, kitu cha kwanza anachotazama ni sahihi. Ikikosekana, mpiga kura hutafutwa aje kuikamilisha, na ndiyo maana bahasha ya Alhamisi ina nafasi kubwa ya kuokolewa kuliko ile inayofika Jumanne jioni. Aliyepeleka yake kwa posta akumbuke jambo moja: kinachohesabika ni bahasha kufika kwa karani kabla ya saa 2 usiku wa siku ya uchaguzi. Muhuri wa posta wenye tarehe ya jana haumsaidii.

Kwa asiyelijua jimbo hili la kaskazini-mashariki mwa Marekani: sensa ya 2020 ilihesabu watu 1,362,359, na takriban 6 katika kila 10 wanaishi vijijini. Bunge lake lina Baraza la Wawakilishi lenye viti 151 na Seneti yenye viti 35, na viti vyote hugombewa kila baada ya miaka miwili. Gawanya, utaona jinsi kila kiti kilivyo karibu na watu: mwakilishi mmoja kwa watu kama 9,000, seneta mmoja kwa watu kama 39,000. Mwakilishi wa namna hii anaweza kupita karibu kila nyumba ya eneo lake kwa kiangazi kimoja, akiwa na viatu imara na gari lisilokataa kuwaka. Gharama na makosa ya uchaguzi huu yanatokana na ukubwa huo mdogo.

Portland na Lewiston zina wasemaji wa Kiswahili kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Wasomali wa Kibantu waliopitia kambi za Kenya. Wengi bado hawajapata uraia, na bila uraia hakuna kura ya Bunge la jimbo. Aliyekula kiapo cha uraia hata wiki iliyopita anaweza kujiandikisha siku ileile ya uchaguzi, akionyesha kitambulisho na uthibitisho wa makazi. Wabunge waliufuta utaratibu huo mwaka 2011, wananchi wakaurudisha kwa kura ya maoni Novemba ya mwaka huohuo. Mwaka 2022 Mana Abdi alichaguliwa kutoka Lewiston na Deqa Dhalac kutoka South Portland, Wamarekani wa kwanza wenye asili ya Somalia kuingia Bunge hili.

Lewiston ina jeraha lake pia. Oktoba 25, 2023 watu 18 waliuawa hapa kwa risasi. Mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kusubiri saa 72 kati ya kununua bunduki na kukabidhiwa. Kadiri barabara inavyopanda kaskazini, ndivyo wagombea wanavyoulizwa mlangoni walisimama wapi kwenye kura hiyo.

Ijumaa, Novemba 1. Lewiston hadi Augusta, kilomita 50

Augusta ni makao makuu ya jimbo, mji mdogo kando ya mto Kennebec, na jengo la Bunge ni la mawe ya matale. Karatasi za kura hutoka hapa kwa Katibu wa Jimbo, na hapa ndipo fedha za wagombea zinapokaguliwa.

Mwenye kutaka kugombea huanza na sahihi. Mgombea wa chama kwa Baraza la Wawakilishi hukusanya kati ya 25 na 40, kwa Seneti kati ya 100 na 150, na fomu ziwe zimerudi kufikia Machi 15. Mgombea binafsi anahitaji 50 hadi 80 kwa Baraza, 200 hadi 300 kwa Seneti, na ana muda hadi Juni 1. Namba ni ndogo, lakini watu huangukia papa hapa. Anayesaini fomu ya mgombea wa chama lazima awe ameandikishwa katika chama hicho na aishi ndani ya eneo la uchaguzi, na vijijini nyumba mbili zinazotazamana zinaweza kuwa maeneo mawili. Anayezungusha fomu anaapa mbele ya mthibitishaji kwamba sahihi zilitiwa machoni pake, na kiapo hicho kinakuja baada ya sahihi ya mwisho na kabla ya fomu kupelekwa kwa msajili wa mji. Ukigeuza mpangilio, karatasi nzima inatupwa. Wazoefu hukusanya karibu na kiwango cha juu, hutumia fomu tofauti kwa kila mji ili kila msajili athibitishe yake bila kungoja ya mwenzake, na hawasubiri wiki ya mwisho, maana karani wa mji mdogo huenda akafungua ofisi siku mbili tu kwa wiki.

Kisha fedha. Tangu uchaguzi wa 2000 mgombea wa Maine anaweza kukataa michango binafsi na kuendesha kampeni kwa fedha za umma. Ili ahitimu, anatafuta michango ya dola 5 kila mmoja: mgombea wa Baraza kutoka kwa wapiga kura 60 wa eneo lake, wa Seneti kutoka kwa 175, yote kabla ya Aprili 20. Dola 5 hizo haziendi mfukoni mwake, zinaingia kwenye mfuko wa umma. Akitaka nyongeza baadaye, anakusanya tena kwa mafungu, 15 kwa Baraza na 45 kwa Seneti. Kosa zito ni mgombea kumlipia mtu hizo dola 5. Mchango lazima utoke mfukoni mwa mpiga kura mwenyewe, naye atie sahihi kwamba hakurudishiwa. Kwa jimbo la wavuvi, wakataji miti na walimu wastaafu, mpango huu umefungua mlango kwa watu ambao hawajui tajiri hata mmoja, na haustahili kubezwa kwa sababu tu ni wa karatasi nyingi.

Jumamosi, Novemba 2. Augusta hadi Jackman, kama kilomita 180

Barabara ya 201 inapita Skowhegan, kisha inaufuata Kennebec kuelekea mpaka wa Quebec, Kanada. Maine ilipiga marufuku mabango makubwa ya matangazo barabarani tangu miaka ya 1970, kwa hiyo kinachoonekana ni vibao vidogo vya wagombea vilivyochomekwa kwa fremu za waya. Kibao kikiwekwa kwenye hifadhi ya barabara ya umma kiwe umbali wa futi 30, yaani mita 9, kutoka kibao kingine chenye ujumbe uleule, na kiandikwe jina na anwani ya aliyekiweka pamoja na tarehe. Bila maandishi hayo, wahudumu wa barabara wana haki ya kukiondoa.

Zaidi ya nusu ya ardhi ya Maine haina serikali ya mji. Ni misitu iliyopimwa na kupewa namba, na watu kama 9,000 tu wanaishi humo mwaka mzima. Hawa hupiga kura katika mji wa jirani, na hapo ndipo mtego unapotegwa: mji unaweza kuwa eneo moja la Baraza na msitu unaopigia hapo eneo jingine. Karani anahitaji aina mbili za karatasi mezani. Mpiga kura akipewa isiyo yake, anamchagua mwakilishi wa watu wengine, na kura ikishaingia sandukuni hakuna njia ya kuitoa. Dawa yake ni rafu mbili zilizotenganishwa, rangi tofauti kwenye daftari, na karani anayesoma anwani kwa sauti kabla ya kunyoosha mkono.

Jumapili, Novemba 3. Jackman, Greenville, Bangor, hadi Houlton, kama kilomita 390

Usiku wa kuamkia leo saa zimerudishwa nyuma, na giza litaingia mapema. Kwa anayegonga milango hii ndiyo siku bora ya wiki nzima. Msimu wa kuwinda paa kwa bunduki umeshafunguliwa, lakini Maine inakataza kuwinda Jumapili, kwa hiyo wanaume na wanawake waliokuwa porini jana leo wako nyumbani. Siku nyingine za Novemba vaa kizibao cha rangi ya chungwa inayong'aa, hata kama unatembea tu kutoka barabarani hadi kwenye ngazi ya nyumba.

Mjini mtu hodari hugonga milango 20 kwa saa. Huku 8 ni kazi nzuri, kwa kuwa njia ya kuingilia nyumba moja yaweza kuwa mita 300 za changarawe. Panga orodha kwa upande wa barabara, si kwa namba, ili usivuke huku na huko. Chukua ramani ya karatasi, kwani mtandao wa simu hupotea mara tu baada ya Greenville. Egesha gari pua ikielekea barabarani. Usitie kipeperushi kwenye kisanduku cha barua, sheria ya shirikisho inakikataza. Kiache kwenye kitasa cha mlango wa nje. Mbwa akibweka, simama, ita mwenyewe kwa jina lililo kwenye orodha. Na ukikuta hakuna mtu, andika neno kwa mkono juu ya kipeperushi. Watu wa huku huweka karatasi iliyoandikwa kwa mkono juu ya friji.

Bangor hadi Houlton ni kilomita 193 za barabara kuu ya 95, misitu pande zote. Usiku endesha polepole kwa ajili ya moose, wale wanyama warefu wa kaskazini wanaozidi ng'ombe kwa urefu: macho yao yako juu ya mwanga wa taa, huyaoni yaking'aa.

Jumatatu, Novemba 4. Houlton hadi Fort Kent, kama kilomita 160

Kaunti ya Aroostook, kilomita za mraba zipatazo 17,700, ni mashamba ya viazi na misitu. Presque Isle, Caribou, halafu bonde la mto Saint John, ambako wazee wengi bado wanazungumza Kifaransa cha Akadia na New Brunswick ya Kanada inaonekana ng'ambo ya maji.

Kiti cha Seneti cha kaskazini hii ndicho tunachokifuatia. Troy Jackson, mkataji miti kutoka Allagash na Rais wa Seneti tangu 2018, amefikia ukomo: sheria ya Maine inaruhusu mihula minne mfululizo ya miaka miwili katika chumba kimoja, kisha uondoke. Alikuwa Mdemokrati katika eneo ambalo kwa kura ya urais limegeukia Republican. Kiti kikiachwa wazi na mtu anayejulikana kwa jina la kwanza katika kila duka, chama chake hakirithi sifa hizo. Vyama vyote viwili vimelijua hilo tangu majira ya kuchipua, na mitambo ya matangazo ya redio inaonyesha.

Jioni vituo vinaandaliwa: vibanda, meza ya daftari, na uzio mdogo unaotenganisha sehemu ya kupigia kura na sehemu ya waangalizi. Msimamizi wa kituo anahakikisha makarani wa uchaguzi wamelingana kwa vyama viwili vikubwa. Pakiti za karatasi zilizofika kutoka Augusta zinahesabiwa na idadi kuandikwa kabla mtu hajapiga kura hata moja.

Jumanne, Novemba 5. Bonde la Saint John

Vituo hufunguliwa asubuhi kwa saa ambayo kila mji umejipangia ndani ya mipaka ya sheria, na vyote hufungwa saa 2 usiku. Mpiga kura anataja jina, karani analitafuta kwenye daftari, analisema kwa sauti, anaweka alama. Haombwi kitambulisho ikiwa tayari ameandikishwa. Ndani ya futi 250 za kituo, yaani mita 76, hakuna kampeni. Mgombea anaweza kusimama na kusalimia watu, ila asiseme anagombea nini wala asiombe kura. Ukimwona mtu anapeana mikono mlangoni na kusema "habari za asubuhi" tu, huyo ameisoma sheria.

Mwaka huu mpiga kura ana kazi nyingi: Rais, Bunge la Marekani, Bunge la jimbo, nafasi za kaunti, na maswali matano ya kura ya maoni, moja likihusu bendera mpya. Kinachowachanganya zaidi ni kwamba ndani ya kituo kimoja kuna hesabu za aina mbili. Kwa Rais na Bunge la Marekani wanapanga wagombea kwa mpangilio, wa kwanza, wa pili, wa tatu, na mgombea wa mwisho akiondolewa kura zake huhamia chaguo linalofuata. Kwa Bunge la jimbo wanajaza duara moja tu, na mwenye kura nyingi anashinda hata bila kufika nusu. Chanzo ni maoni ya Mahakama Kuu ya jimbo ya mwaka 2017: katiba ya Maine inataja wingi wa kura kwa gavana, maseneta na wawakilishi katika uchaguzi mkuu, na sheria ya kawaida haiwezi kuipiku. Kwenye mchujo wa Juni wagombea haohao walipangwa kwa mpangilio. Kwa hiyo mtu anayejaza maduara mawili kwenye safu ya mwakilishi akidhani anaweka chaguo la pili, kura yake ya nafasi hiyo haihesabiki. Mashine huirudisha karatasi yenye kasoro hiyo apewe nyingine. Sanduku la mbao la kijiji kidogo haliwezi kumwambia kitu.

Jua linazama saa 10 na dakika 10 jioni. Foleni ya mwisho ni ya watu wanaotoka kazini kwenye viwanda vya mbao na maghala ya viazi. Aliyefika kwenye foleni kabla ya saa 2 usiku anapiga kura, hata ikichukua saa nzima.

Kisha kuhesabu. Miji mikubwa ina mashine. Vijiji vingi bado vinahesabu kwa mkono, na anayeipenda demokrasia aende akasimame nje ya ule uzio mara moja katika maisha yake. Sanduku linafunguliwa mbele ya watu. Karatasi zinanyooshwa, zinahesabiwa bila kuzisoma, idadi inalinganishwa na majina yaliyowekewa alama kwenye daftari. Zikitofautiana, kazi inasimama hapo hapo hadi sababu ipatikane. Mara nyingi ni karatasi mbili zilizoshikana kwa kukunjwa pamoja, au jina la baba lililowekewa alama badala ya la mtoto mwenye jina lilelile. Baada ya hapo zinagawanywa mafungu ya 50. Kila fungu linakwenda kwa makarani wawili wa vyama tofauti: mmoja anasoma, mwingine anapiga vistari, vinne na cha tano kikivikata. Wanabadilishana, wanarudia. Jumla ya kila nafasi, ukijumlisha na zilizoachwa wazi na zilizoharibika, lazima irudi kuwa 50. Ikija 49, fungu lile linarudiwa peke yake na mengine hayaguswi, na hiyo ndiyo faida ya mafungu. Wanasaini karatasi ya hesabu, wanaifunga pamoja na fungu lake.

Kijiji chenye kura 400 ni mafungu manane. Ukiwa na jozi nne za makarani, na nafasi zote hizo pamoja na maswali matano, ni kazi ya kupita usiku wa manane. Makosa huongezeka baada ya saa 5 usiku, na msimamizi mzuri huwapumzisha watu, huwapa kahawa na supu, na hairuhusu kikombe kukaa juu ya meza yenye kura.

Mwisho masanduku yanafungwa kwa lakiri zenye namba, namba zinaandikwa, na matokeo yanabandikwa. Kura za shirikisho zinazohitaji kuhamishwa chaguo zitasafirishwa hadi Augusta. Za Bunge la jimbo zimekamilika hapa kijijini, na karani ana siku mbili za kazi kufikisha fomu kwa Katibu wa Jimbo.

Jumatano, Novemba 6. Fort Kent hadi Augusta, zaidi ya kilomita 400

Barabara ya 11 kusini, redio ikisoma matokeo mji kwa mji. Kiti cha Jackson kimekwenda kwa Sue Bernard wa Caribou, Republican.

Sasa macho yako kwa vile viti ambavyo tofauti ni kura makumi tu. Aliyeshindwa ana siku 5 za kazi kuomba hesabu irudiwe, na tofauti ikiwa ndogo halipi kitu. Polisi wa jimbo huyakusanya masanduku na kuyaleta Augusta. Kila meza ina watu watatu: mmoja wa ofisi ya Katibu, mmoja kwa kila mgombea. Mafungu ya 50 tena. Karatasi yenye ubishi huwekwa kando hadi mwisho.

Kinachoweza kuharibika hapo kilionekana mwaka 2014, eneo la 25 la Seneti. Usiku wa uchaguzi Cathleen Breen aliongoza kwa kura 32. Hesabu iliporudiwa, kisiwa cha Long Island kilitoa kura 192 wakati daftari lake lilionyesha wapiga kura 171. Kura 21 za ziada zote zilikuwa za Cathleen Manchester, naye, pamoja na masahihisho ya miji mingine, akapita mbele kwa 11. Seneti ilimkalisha kwa muda na kuunda kamati. Kwa muda watu walishuku kisiwa kizima. Kamati ilipofungua sanduku na kuhesabu, zilikuwamo karatasi 171: fungu moja la 21 lilikuwa limehesabiwa mara mbili kwenye meza ya marudio, huko Augusta. Karani wa kisiwa hakukosea hata kura moja. Mapema Januari 2015 Breen akakaa kwenye kiti chake. Kilichowaokoa ni daftari lenye alama 171 na sanduku lililobaki na lakiri. Wakala wa mgombea anayetumwa kwenye hesabu ya marudio aingie na namba ya daftari la kila mji imeandikwa kwenye kiganja, na aitaje kabla fungu la kwanza halijafunguliwa.

Jumatano, Desemba 4. Augusta

Wademokrati 76, Warepublican 73 na wabunge 2 wasio na chama kwenye Baraza. 20 kwa 15 kwenye Seneti. Wanakula kiapo mbele ya Gavana, Ryan Fecteau anachaguliwa Spika na Mattie Daughtry Rais wa Seneti. Kabla ya muswada wowote, vyumba viwili vinakaa pamoja na kupiga kura ya siri kumchagua Katibu wa Jimbo, kwa maana Maine haimchagui kwa kura ya wananchi wote. Shenna Bellows anarudi kwenye ofisi hiyo. Ofisi yake ndiyo itakayotoa fomu za sahihi za uchaguzi wa 2026, kuanzia Januari 1 ya mwaka huo.